Leo Umeona Nini Kizuri?

Mwezi huu nataka kuwasimulia jambo lililonipata nyumbani kwangu mwaka jana. Wala si jambo kubwa. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyefukuzwa kazi, na majirani hawakujua lolote. Lakini limebadilisha namna ninavyoingia mlangoni kwangu jioni, nami naamini wako wenzangu wengi wanaoingia majumbani mwao kama nilivyokuwa nikiingia mimi.

Ilikuwa jioni ya mwezi wa Oktoba, wakati ambao sisi wa Dodoma tunaujua vizuri: vumbi mpaka ndani ya sufuria, upepo unagonga mabati, na mvua bado iko mbali. Nilikuwa nimetoka zamu katika wodi ya wazazi. Siku hiyo akina mama walikuwa wengi kuliko vitanda, na miguu yangu ilikuwa imevimba. Nilifungua mlango, nikajikwaa kwenye ndoo iliyoachwa njiani, na kabla ya kuvua viatu nikapaza sauti: "Nani ameacha ndoo hapa?"

Binti yangu mwenye miaka 14 alitoka jikoni, akaiondoa ile ndoo. "Shikamoo mama," akasema. Nikaitikia marahaba huku macho yangu yakiwa yameshafika mezani, kwenye vikombe viwili ambavyo havijaoshwa. Nikauliza na vikombe.

Ndipo aliponiambia, kwa sauti ya chini, bila jeuri yoyote: "Mama, leo nimefagia nyumba nzima. Nimemwogesha bibi. Nimepika ugali na mlenda. Hujaona hata kimoja. Umeona ndoo na vikombe."

Nilimkaripia kwa kujibizana na mkubwa. Baba yake, aliyekuwa sebuleni, aliinua macho kidogo, kisha akayarudisha kwenye gazeti lake. Tukala kimya. Nilijiambia kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu, nikaenda kulala.

Jumamosi yake nilitoa magodoro nje ili yapigwe na jua. Chini ya godoro la binti yangu nikakuta karatasi iliyokunjwa mara nne. Ulikuwa mtihani wake wa hisabati, alama 34 kwa 100, wa wiki tatu zilizopita. Nilikaa pale kwenye kitanda chake muda mrefu. Alama 34 ziliniumiza kidogo tu. Kilichoniumiza hasa ni kwamba mwanangu aliona ni salama zaidi kulificha jambo lake chini ya godoro kuliko kuliweka mikononi mwangu.

Macho yaliyozoea kutafuta kasoro

Sisi wauguzi tumefundishwa kuona vitu vidogo. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mtoto mchanga anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika? Hilo ni jambo la hatari, mwite daktari. Mama aliyejifungua amebadilisha khanga mara ngapi? Kucha zake zina rangi gani? Mgonjwa aliyekuwa akizungumza asubuhi, mbona sasa amenyamaza? Muuguzi asiyeona vitu vidogo atapoteza watu. Namshukuru Mungu kwa mafunzo hayo, maana yameokoa maisha ya wengi mbele ya macho yangu.

Lakini usiku ule baada ya kuikuta karatasi nilijiuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza kwa miaka yote ya kazi: macho haya ninayavua wapi ninapotoka kazini? Jibu lilikuwa kwamba siyavui. Nilikuwa nikiingia nyumbani kwangu kama ninavyoingia wodini, nikitafuta kilichoharibika. Chumvi imezidi. Sare haijapigwa pasi. Baba watoto hajafunga geti. Na kwa sababu nyumba yoyote yenye watu ina kasoro, kila siku nilikipata nilichokitafuta.

Nikakumbuka pia kipimo tunachokitumia kila mtoto anapozaliwa. Mwaka 1952 daktari mmoja wa Marekani, mama Virginia Apgar, aliyekuwa mtaalamu wa dawa za usingizi, alibuni njia rahisi ya kumtazama mtoto mchanga, na mwaka 1953 ikachapishwa. Mpaka leo wakunga wa dunia nzima wanaitumia. Tunaangalia mambo matano: mapigo ya moyo, kupumua, nguvu ya misuli, anavyoitikia akiguswa, na rangi ya mwili. Kila jambo linapewa 0, 1 au 2, na zote zikijumlishwa haziwezi kuzidi 10. Tunahesabu dakika ya kwanza, kisha tunarudia dakika ya tano.

Sasa nisikilizeni vizuri. Watoto wengi wazima kabisa hawapati 10 katika dakika ya kwanza. Wanapata 8 au 9. Mara nyingi kinachopungua ni rangi tu: viganja na nyayo bado vina ubuluu kidogo, kwa kuwa damu haijafika vizuri mikononi na miguuni. Hakuna mkunga anayesikitika kwa hilo. Anaandika 9, anamfuta mtoto, anamweka kifuani kwa mama yake, na kumwambia, "Hongera, mama." Nimeandika 9 mara nyingi sana, nami kila mara nilifurahi.

Lakini muhula uliotangulia binti yangu alikuwa ameniletea karatasi ya Kiswahili yenye alama 78, nami nilimwuliza, "Hizo 22 zimekwenda wapi?" Nilikumbuka uso wake siku ile. Watoto wa wenzangu niliwapa 9 kwa tabasamu. Wa kwangu nilimdai 10.

Daftari la jioni

Wodini tuna kitabu cha kupokezana zamu. Anayetoka anamwandikia anayeingia hali ya kila mgonjwa, ili asiyekuwapo ajue. Nikanunua daftari dogo la shule, nikaamua kwamba kila jioni kabla ya kulala nitaandika mambo matatu mazuri niliyoyaona siku hiyo. Sikutaka mambo makubwa. Nilitaka niliyoyaona kwa macho yangu mwenyewe, siku hiyohiyo.

Jioni ya kwanza nilikaa na kalamu mpaka usingizi ukanijia. Sikuona kitu. Mwisho niliandika sentensi moja: "Maji yametoka leo, madumu 6 yamejaa." Ninyi mnaoishi kwa mgao wa maji mnajua kwamba hilo si dogo. Jioni ya pili niliandika kuhusu chai. Mume wangu huamka kabla yangu siku za zamu ya asubuhi, akawasha jiko na kuinjika chai. Amefanya hivyo kwa miaka mingi. Siku ile ndipo nilipotambua kwamba alikuwa akiitia tangawizi kwa ajili ya kifua changu, ingawa yeye mwenyewe haipendi tangawizi. Nilipomshukuru alinitazama kama mtu aliyepigwa na butwaa. Akauliza, "Kwani leo kuna nini?" Nilicheka, lakini baadaye swali lake lilinichoma. Shukrani yangu ilikuwa imegeuka kuwa habari ya ajabu ndani ya nyumba yangu!

Wiki ya pili nilitoka zamu ya usiku alfajiri. Njiani kwangu kuna mbuyu mkubwa ambao nimepita chini yake miaka mingi. Asubuhi hiyo nilikanyaga kitu laini. Nikainama. Yalikuwa maua meupe, makubwa kama kiganja, yamelala mavumbini. Nilishangaa, mimi niliyezaliwa na kukulia penye mibuyu na kulamba ubuyu tangu utotoni. Sikuwa nimewahi kuyatazama maua yake. Ua la mbuyu hufunguka jioni. Usiku popo wanaokula matunda huja kunywa utamu wake na kubeba chavua kutoka ua hadi ua, na kesho yake ua linanyauka na kuanguka. Kazi yote inafanyika tukiwa tumelala. Nililichukua moja nikampelekea binti yangu. Nikamwambia, "Ona, hivi ndivyo ubuyu unavyoanza." Alilipokea kwa mikono miwili, akalinusa, akakunja uso kwa sababu halinukii vizuri, kisha tukacheka sote. Yalikuwa yamepita majuma mengi bila sisi wawili kucheka jambo moja.

Gramu 20

Kazini nako nilianza kuona. Tulikuwa na mama mmoja kijana aliyejifungua mtoto njiti, mwenye gramu 1,400 tu. Kama mnavyojua, mtoto anayezaliwa chini ya gramu 2,500 huhesabiwa kuwa na uzito mdogo, na huyu alikuwa mdogo kweli kweli. Tulimfundisha mama kumbeba kifuani kwa mtindo wa kangaruu, ngozi kwa ngozi, amefungwa kwa khanga, usiku na mchana.

Njia hii ilianzia Bogotá, nchini Kolombia, mwaka 1978. Daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa katika hospitali yenye watoto wengi na mashine chache za kuwatunzia joto, ndipo akaanza kuwafunga watoto kwenye vifua vya mama zao. Jambo lililoanza kwa sababu ya upungufu likaonekana kuwa na faida kubwa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watoto wanaozaliwa kabla ya wakati au wakiwa na uzito mdogo waanze kubebwa hivyo mara tu baada ya kuzaliwa, isipokuwa wale walio katika hali mbaya sana, kama wasioweza kupumua wenyewe.

Basi kila asubuhi tulimpima yule mtoto. Siku za kwanza alipungua, kama wafanyavyo watoto wengi, na mama yake akalia. Kisha asubuhi moja mizani ikapanda gramu 20. Gramu 20 ni kama vijiko vinne au vitano vya chai vya sukari. Yule mama aliruka, na akina mama wa vitanda vya jirani wakapiga vigelegele mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini. Zamani ningewaambia wanyamaze. Siku ile nilipiga kigelegele nami.

Nilipokuwa nikiandika usiku huo nilielewa jambo moja. Tunayaita mambo haya madogo, lakini mengine ni makubwa ambayo bado ni machanga. Gramu 20 zikirudiwa kila siku ndizo zinazompeleka mtoto nyumbani. Na neno moja jema kwa binti, likirudiwa, linampeleka mahali fulani pia.

Bibi na mvua

Nisingependa mfikiri kwamba daftari liliondoa huzuni nyumbani kwangu. Mama yangu mzazi anaishi nasi, na ana ugonjwa wa kusahau wa uzeeni. Nimewaeleza ndugu wa wagonjwa mara nyingi jinsi ugonjwa huo unavyokwenda: mambo mapya yanatoweka kwanza, ya zamani yanabaki muda mrefu zaidi. Ni rahisi kuyaeleza mpaka yawe ya mama yako. Kuna siku ananiita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Kuna siku ananiuliza kwa heshima kama vile mimi ni mgeni, "Karibu, mama. Umetoka wapi?"

Mwezi wa Desemba mvua ya kwanza ilikuja alasiri. Tulisikia harufu yake kabla ya matone kufika kwetu. Mnaijua harufu hiyo ya udongo mkavu unapolowa. Wanasayansi wawili wa Australia, mama Isabel Joy Bear na Bwana Richard Thomas, waliichunguza wakaipa jina mwaka 1964. Walieleza kwamba wakati wa ukame mafuta ya mimea hujikusanya katika mawe na udongo, na mvua ikinyesha huachiliwa hewani. Tena vipo vijidudu vya udongoni vinavyotengeneza harufu nyingine, ambayo pua ya binadamu huitambua hata ikiwa chache mno. Haya niliyasoma baadaye. Mama yangu hakuhitaji kuyasoma.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka, kimya tangu asubuhi. Aliinua kichwa, akavuta pumzi, akasimama mwenyewe. "Imefika," akasema. Kisha akaenda jikoni kwa hatua za uhakika, akatoa mabeseni, akayapanga moja moja chini ya ukingo wa bati, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mtoto. Beseni kubwa aliliweka kwenye kona, pale maji yanapomwagika zaidi. Hakukosea. Halafu akaniita, akanishika mkono, akasema, "Njoo uone, mwanangu."

Mwanangu. Neno hilo sikuwa nimelisikia kwake kwa miezi mingi. Tulisimama mlangoni, bibi, mimi na binti yangu, tukitazama mabeseni yakijaa. Jioni hiyohiyo alikuwa ameshanisahau tena. Furaha ile haikunirudishia mama yangu, wala sikuitegemea ifanye hivyo. Lakini ilikuwa ya kweli, nami nilikuwapo. Fikirini, ningekuwa naangalia matope kwenye sakafu, ingenipita.

Pale ambapo kuhesabu mema hakutoshi

Hapa lazima niseme kama muuguzi, kwa sababu najua somo kama hili linaweza kutumiwa vibaya.

Kuna akina mama ambao hawaoni jema lolote si kwa sababu hawashukuru, bali kwa sababu ni wagonjwa. Mama aliyejifungua anaweza kulia lia siku chache za kwanza, na mara nyingi hali hiyo hupita yenyewe. Lakini huzuni ikizidi majuma mawili, au ikiwa kila kilichokuwa kikimfurahisha hakimfurahishi tena, hali chakula, halali hata mtoto akilala, anajiona hafai, huenda hiyo ni sonona. Na ikiwa anawaza kufa au kumdhuru mtoto, msisubiri hata siku moja. Mpelekeni kituo cha afya au hospitali, na asiachwe peke yake. Sonona hutibiwa. Maombi yaendelee, na dawa na ushauri viendelee pia. Tafadhali msimwambie mama huyo, "Shukuru tu, mbona mtoto wako mzima?" Tumewaumiza wengi kwa maneno hayo, na baadhi yetu tumeyasema ndani ya vikundi vyetu vya kanisa.

Vilevile, mama anayepigwa nyumbani kwake asiambiwe ahesabu maua. Huyo anahitaji mahali salama na watu wa kumsaidia. Kuona mema si kufunga macho tusione mabaya. Mimi bado nahesabu pumzi za watoto, tena nazihesabu kwa makini zaidi. Ninachojifunza ni kuhesabu pande zote mbili.

Mama mwenye taa na ufagio

Katika Injili ya Luka, sura ya 15, Bwana Yesu anatoa mfano ambao unatuhusu sana sisi wenye nyumba. Mama mmoja ana sarafu kumi za fedha, moja inapotea. Anawasha taa, anafagia, anatafuta kwa bidii mpaka anaipata. Kisha anawaita rafiki na majirani wafurahi pamoja naye.

Kwa miaka mingi niliusikia mfano huo nikifikiria sarafu tu. Siku hizi namfikiria yule mama. Alitafuta ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alitumia vitu alivyokuwa navyo, taa na ufagio. Tena hakufurahi peke yake, aliita watu, kwa ajili ya sarafu moja! Mimi nami nilikuwa nafagia nyumba yangu kila siku, na taa nilikuwa nayo. Tofauti yetu ni kwamba yeye alifagia akitafuta cha thamani, nami nilifagia nikitafuta uchafu.

Tuanzie wapi?

Dada yangu, ukitaka kujaribu, haya ndiyo yaliyonisaidia mimi:

1. Simama mlangoni kabla ya kuingia. Vuta pumzi mara tatu. Vua kazi pamoja na viatu. Neno la kwanza utakalolisema ndani liwe salamu, au jambo jema unaloliona. Ndoo itakusubiri, haina miguu.

2. Andika mambo matatu kila jioni. Yaandike kwa uwazi. Usiandike "namshukuru Mungu kwa watoto." Andika mtoto gani alifanya nini leo. Kama hujazoea kuandika, yasimulie kwa mwenzako au mwambie Mungu katika sala yako.

3. Mwambie mhusika. Jema lililoonwa bila kusemwa linafanana na dawa iliyofungiwa kabatini. Baba watoto anahitaji kulisikia kama watoto wanavyohitaji.

4. Ukikosoa, taja kwanza kilichofanyika vizuri, kisha kosa moja tu. Watoto wetu wana makosa, na ni wajibu wetu kuwaonya. Lakini wasikie 9 kabla hawajasikia 1 iliyopungua.

5. Ukishindwa siku moja, anza tena kesho. Nimerudia kelele za ndoo mara nyingi tangu Oktoba. Binti yangu siku hizi hucheka na kuniuliza, "Mama, leo umeona nini kizuri?" Hapo najua nimeingia vibaya, natoka, naingia upya.

Karatasi mikononi mwangu

Nimalizie na yaliyotokea mwezi wa Machi mwaka huu. Nilikuwa jikoni napepeta mchele. Binti yangu aliingia kutoka shuleni, akaniamkia, akasimama pale akizungusha mkanda wa begi lake. Kisha akatoa karatasi na kuniwekea mkononi. Hisabati, alama 41.

"Mama, bado sijafaulu," akasema. "Maswali ya mafumbo yananishinda. Naomba unitafutie mtu wa kunifundisha."

Nilitazama ile 41. Midomo yangu ilikuwa tayari kuuliza juu ya zile 59, nisiwadanganye. Lakini nikaona jambo lingine. Karatasi haikuwa na mikunjo. Ilikuwa imenyooka, kama ilivyotoka kwa mwalimu. Aliileta siku ileile, kwa mkono wake, tena akiwa amejua mwenyewe kinachomshinda.

Nikamwambia, "Zimeongezeka 7. Na umeniletea. Kaa hapa tuyatazame hayo mafumbo." Tukakaa, mchele ukasubiri, na bibi akauchukua ule ungo akaendelea kupepeta taratibu, bila kumwaga hata punje moja.

Usiku huo niliandika mambo matatu, na yote matatu yalikuwa ya dakika ileile. Nimejifunza kwamba mtoto ambaye mema yake yanaonwa ndiye anayeleta makosa yake mwenyewe, bila kutafutwa. Lile godoro silipekui tena.

Mungu awabariki, akina mama, na awafungue macho mwezi huu.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Neno lako la kwanza unapoingia nyumbani ni lipi mara nyingi? Waulize watoto wako wakujibu kwa uhuru.

2. Ni jambo gani jema ambalo mume wako, mtoto wako au mkwe wako hulifanya kila siku nawe hujawahi kumshukuru kwa hilo?

3. Je, katika kikundi chetu yuko mama ambaye huzuni yake imezidi majuma mawili? Nani atamtembelea, na nani atamsindikiza kituo cha afya?